Nyuzi Mbili Juu ya Fremu

Fremu ilifika Jumamosi jioni juu ya guta, imefungwa kwa mipira ya baiskeli. Paipu za mraba za milimita 50 kwa 50, zimechomelewa kuwa mstatili wa milimita 900 kwa 1200, zimepakwa rangi ya kijivu ya kuzuia kutu. Nilichukua futi kamba nikapima upana, ukatimia. Nikapima urefu, ukatimia. Kwa furaha niliyokuwa nayo sikungoja hata kuiingiza bandani, nikampigia simu mjomba.

"Shikamoo mjomba. Fremu imekuja, iko sawa kabisa."

"Marahaba mwanangu. Umevuta nyuzi?"

"Nyuzi za nini tena mjomba?"

"Usiiguse. Nakuja kesho."

Mjomba, kaka yake mama, ni seremala. Amekaa zaidi ya miaka thelathini Keko, kwenye mabanda ambako watu wa Dar es Salaam hufuata vitanda, makabati na milango. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, na mwaka ule nilikuwa nimeamua kujenga mashine ya CNC ya kuchonga mbao kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yetu Tandika. Kwa asiyeifahamu, ni ruta ile ile ambayo maseremala huchongea kingo za meza, ila hii haishikwi mkononi. Inafungwa kwenye daraja linalotembea juu ya reli. Mota zinaisogeza kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, na kompyuta ndiyo inayoziambia mota ziende wapi. Mashine niliyotajiwa bei dukani ilizidi mshahara wangu wa mwaka mzima. Nikaanza kukusanya vipande, kimoja kimoja.

Asubuhi mjomba alifika na mshipi wa kuvulia samaki mfukoni, ule mwembamba. Tuliweka fremu juu ya matofali manne. Akafunga mshipi wa kwanza kutoka kona moja hadi kona ya mkabala, akauvuta mpaka ukalia ulipoguswa na kidole. Akafunga wa pili kwenye kona mbili zilizobaki, ukapita juu ya ule wa kwanza. Kisha akachuchumaa, akafumba jicho moja, akaniita nichungulie pale katikati zinapopishana.

"Fremu ikilala vizuri, nyuzi hizi zinagusana tu," alisema. "Hazisukumani wala haziachani."

Zetu zilikuwa zimeachana. Mwanya ulikuwa wa milimita 2, na kwa kuwa katikati ya uzi hupanda nusu ya kile kinachopanda kwenye ncha yake moja, kona moja ya fremu ilikuwa imenyanyuka milimita 4. Futi kamba yangu isingeona jambo hilo hata ningepima mwezi mzima. Pande zote nne zilikuwa na urefu wake sahihi, na fremu ilikuwa imejipinda kama ubao mbichi ulioachwa juani.

Nimefundisha jiometri kwa miaka mingi. Ninaweza kuthibitisha ubaoni kwamba nukta tatu daima zinakaa kwenye bapa moja na kwamba ya nne ndiyo inayoleta ugomvi. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba ugomvi huo ungekuwa unanisubiri kwenye kona ya paipu iliyopakwa rangi.

Sababu mjomba aliijua bila kuuliza. Chuma kilichochomelewa kikipoa kinasinyaa, na kinavuta upande ule uliochomelewa. Aliyetuchomelea alimaliza kona moja yote, akahamia inayofuata, na kila kona ikaivuta fremu kwake. Inatakiwa kona zote nne zishikizwe kwanza kwa vidonge vidogo, ndipo mtu achomelee kwa kuruka: kidogo hapa, kidogo kona ya mkabala, aache chuma kipumzike. Tulikata viungo viwili kwa grenda, tukaikandamiza fremu kwa klampu, tukaishikiza upya huku nyuzi zikiwa juu yake. Ilichukua siku nzima. Kilichobaki, kama nusu milimita, tulikimaliza kwa vipande vya kopo la soda. Bati la ubavuni mwa kopo lina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na likikatwa vizuri kwa mkasi ni kabari nzuri sana ya kuweka chini ya reli. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia nayo ina unene kama huo. Tangu siku hiyo situpi kopo.

Nilikuwa nimeanza kazi hii nikiamini kwamba usahihi ni kitu kinachonunuliwa. Ukinunua mota nzuri, reli nzuri na skrubu nzuri, mashine itakuwa sahihi. Nyuzi zile mbili zilinitoa kwenye imani hiyo. Kompyuta inaweza kuliambia daraja liende milimita 300 mbele, nalo likaenda milimita 300 kamili, lakini kama reli zimepinda litakwenda milimita 300 za kupinda, kwa uaminifu mkubwa, kila mara. Unyoofu lazima uwepo kabla ya umeme kuwashwa. Na unyoofu huo unatoka wapi, kama kila kifaa cha kupimia nacho kilitengenezwa na mtu kwa kifaa kingine?

Jibu la mjomba kwa swali hilo ni la vitendo. Nilikuwa nimenunua guni jipya la chuma la kupimia pembe mraba, linang'aa, na nilimwonyesha kwa fahari. Alilichukua, akaliegemeza kwenye ukingo ulionyooka wa plaiwudi, akachora mstari kwa penseli iliyochongwa mpaka ikawa kama sindano. Kisha akaligeuza upande wa pili, akachora tena kuanzia alama ile ile. Mistari ilianza pamoja na kuachana kadiri ilivyopanda. Kwenye ncha ya juu kulikuwa na nafasi ya karibu milimita moja. "Kosa la guni lako ni nusu ya hiyo," alisema. Akafanya vile vile na guni lake la mbao, lililokuwa limebadilika rangi kwa jasho la miaka, na mstari wa pili ukalala juu ya wa kwanza hadi sikuweza kuutofautisha.

Hapo aliweka penseli chini. Kifaa kimejipima chenyewe, bila kuhitaji kifaa kingine kilicho bora kuliko chenyewe. Ukikigeuza, kosa linajitokeza mara mbili, mchana kweupe. Rula ndefu nayo hupimwa hivyo hivyo: chora mstari, igeuze, chora tena kati ya nukta zile zile mbili, uone kama kuna tumbo katikati.

Joseph Whitworth, fundi wa Kiingereza aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana ya Henry Maudslay mjini London, alieleza hila ya ukoo huu kwa vyuma bapa mwaka 1840 mbele ya wanasayansi waliokutana Glasgow. Ukisugua bamba mbili na kuzilinganisha, zinaweza kupatana huku moja ina tumbo na nyingine ina bonde. Lakini ukichukua bamba tatu na kulinganisha kila moja na nyingine mbili, haziwezi kupatana zote isipokuwa zote zimekuwa bapa. Kwa njia hiyo unyoofu unazaliwa pasipo kuazimwa popote. Nilipomsimulia mjomba habari hizi alisikiliza kwa makini, akauliza swali moja tu: hizo bamba walikuwa wanapaka nini ili waone zilipogusana? Nilimwambia rangi nyembamba. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyepewa salamu na mwenzake wa mbali.

Reli tulizifunga kwa kanuni ambayo kila fundi ujenzi anaitumia kupiga msingi wa nyumba: tatu, nne, tano. Ukubwa wa fremu yetu, 900 kwa 1200, niliuchagua kwa makusudi, kwa sababu pembe kwa pembe inapaswa kuwa 1500 bila desimali. Mara ya kwanza tulipata 1503 upande mmoja na 1497 upande wa pili. Tukalegeza bolti, tukagonga kwa nyundo ya mbao, tukapima, tukagonga, hadi pande zote mbili zikasoma sawa.

Skrubu za golori, zenye unene wa milimita 16 na zinazosogeza milimita 5 kwa kila mzunguko, nilizipata mapema. Mota na vibao vyake vilikuwa bado baharini, ndani ya mzigo wa pamoja uliotoka Guangzhou kuja Kariakoo, na kila wiki nilijibiwa kwamba meli iko njiani. Mashine ilikuwa imesimama bandani, kamili kwa macho, haina cha kuizungusha. Mjomba ndiye aliyesema tuizungushe kwa mikono.

Alikata magurudumu mawili ya plaiwudi. Ili ayagawe sehemu 50 sawa, alilizungushia kila gurudumu kipande cha karatasi, akakikata kilipokutana, akakilaza mezani na kukigawa kwa rula, kisha akakirudisha na kukigundisha ukingoni. Milimita 5 kwa mzunguko, alama 50: kila alama moja ni sehemu ya kumi ya milimita. Mimi nilikaa usiku kucha nikikokotoa nukta za ua la waridi lenye petali nane. Jumapili tukakusanyika. Mjomba alikaa kwenye gurudumu la mhimili wa X, binamu yangu kwenye la Y, na mimi nilisimama na daftari nikisoma. "X arobaini. Y ishirini na tano nukta tatu." Wakazungusha. "Tayari." "Tayari." Nashusha kisu. Napandisha. Nukta inayofuata.

Tulianza saa nne asubuhi na ua lilikamilika jua likizama. Petali mbili zilikuwa na kovu pale nilipokosea kusoma. Ubao huo wa mkongo uko ukutani nyumbani kwangu na sitauondoa.

Miezi baadaye, nikisoma historia ya mashine hizi, nilikutana na sisi wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1940, huko Traverse City katika jimbo la Michigan, Marekani, John Parsons na mhandisi wake Frank Stulen walikuwa wanatengeneza mapanga ya helikopta. Walihitaji kigezo chenye umbo sahihi sana, wakakokotoa nukta nyingi za mkunjo wake, na wakazichonga kwa kumweka mtu mmoja asome namba na wengine wawili wazungushe, kila mmoja na mhimili wake. Kazi ya kuzungusha ilikabidhiwa mota baadaye, na mwaka 1952 wahandisi wa MIT walionyesha mashine iliyosoma namba zake kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa. Nilimpelekea mjomba habari hiyo Keko. Aliniambia niwasomee na vijana wake, na nikawasomea.

Mzigo ulipofika, sehemu ya umeme ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, kwa sababu watu wengine walishaifikiria na kuigawa bure. Ubongo wa mashine ni kibao cha Arduino chenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 kwa programu yote, na programu yenyewe inaitwa Grbl, aliyoianzisha Simen Svale Skogsrud mwaka 2009. Unaiandikia mstari kama huu: G1 X40 Y25 F1200. Maana yake, nenda moja kwa moja hadi 40 kwenye X na 25 kwenye Y, kwa mwendo wa milimita 1200 kwa dakika. Ni kile kile nilichokuwa nasoma kwenye daftari.

Kuna hesabu moja hapa ambayo nimekuwa nikiipeleka darasani kila mwaka tangu wakati huo. Mota inapiga hatua 200 kwa mzunguko. Draiva yake, kile kibao kinachoiendesha, inaigawa kila hatua mara 8, zinakuwa 1600. Mzunguko mmoja wa skrubu ni milimita 5. Kwa hiyo milimita moja ni hatua 320. Wanafunzi waliokuwa wanauliza uwiano utawasaidia nini maishani huinua vichwa ninapoichomoa mota kwenye mkoba na kuizungusha mbele yao kwa vidole, nao wanausikia ule mkwaruzo wa hatua moja moja.

Shida kubwa ilitokea mahali ambapo sikupatarajia. Kila nilipowasha mota ya kisu, mashine ilisimama na kudai imegonga mwisho wa reli, wakati ilikuwa katikati kabisa. Nilibadilisha swichi. Nilibadilisha programu. Wiki tatu zilipita na nikaanza kuamka usiku nikiiwaza. Kumbe kisanduku kinachoendesha mota ya kisu, kinachoipeleka hadi mizunguko 24,000 kwa dakika, kilikuwa kinatoa kelele ya umeme, na nyaya nyembamba za swichi zilizofungwa pamoja na waya wa mota zilikuwa zinaipokea kelele hiyo kama antena. Nilitenganisha nyaya, nikaweka zenye wavu wa chuma ndani, nikaunganisha wavu huo na ardhi upande mmoja tu, na nikaongeza kapasita ndogo kwenye kila swichi. Ikanyamaza. Anayejenga mashine hii leo namwomba aanze na nyaya hizo kabla hajapoteza usingizi wake.

Umeme kukatika ni jambo jingine. Mota hizi hazijui ziko wapi, kibao kinahesabu tu hatua tangu kilipowashwa. Umeme ukirudi, mashine imesahau. Tulipoteza ubao mmoja wa mninga kwa namna hiyo, nusu umechongwa. Mjomba akashauri kwamba kabla ya kazi yoyote kuanza, mashine itoboe matundu mawili kwenye ubao wa chini na kupitisha vijiti vya mbao ngumu, ubao wa kazi uegemee hapo. Ikisahau, tunapeleka kisu kwenye tundu la kwanza na kuiambia: hapa ndipo sifuri. Hatujapoteza ubao tena kwa sababu ya umeme.

Vumbi nalisema kwa ufupi lakini kwa uzito. Vumbi la mbao limewekwa tangu 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mjomba anakohoa kila asubuhi, na vumbi la mvule linamwasha hadi machoni. Kifuniko cha kisu na bomba la kunyonya vumbi vilikamilika kabla sijachonga kazi ya kwanza ya kulipwa, na barakoa ninaivaa hata kwa kazi ya dakika mbili. Nimemnunulia mjomba za kwake. Nampigia simu kumuuliza kama anazivaa.

Kazi hiyo ya kwanza ilikuwa bamba la mlango, lenye mawaridi na mnyororo pembeni kama milango ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Mashine ilichonga kwa saa tano bila kosa. Nikaipeleka Keko. Mjomba aliigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye mabonde ya petali, akanyamaza muda mrefu.

"Limelala," alisema hatimaye. "Tazama hapa kwenye koo la petali."

Kisu cha duara chenye upana wa milimita 6 hakiwezi kuingia kwenye kona kali. Kila kona ya ndani kinaiacha na mviringo wa milimita 3. Nilikuwa nalijua hilo kwa hesabu, lakini jicho langu halikuwa limeliona. Mjomba alichukua patasi nyembamba, akaiegemeza kwenye kiganja, akakata kona ya kwanza kwa mikato mitatu: kushoto, kulia, chini. Kipande kidogo kama ukucha kiliruka. Kivuli kikaingia pale palipokuwa na mviringo, na petali ile moja ikainuka kutoka kwenye ubao huku jirani zake zikiwa bado zimelala. Alizipitia zote, mawaridi kumi na mawili, kwa siku mbili. Kuchonga bamba zima kwa mkono kungemchukua zaidi ya wiki mbili, na mabega yake, alivyoniambia mwenyewe, hayataki tena wiki mbili za namna hiyo.

Kuna kijana pale Keko aliyeniuliza kama mashine hii itawaondoa kazini. Swali lake lilikuwa la haki na nililibeba kwa siku nyingi. Ninachokijua ni kile nilichokiona: digrii yangu haikutosha kuifanya fremu ilale. Aliyeifanya ilale hakuwahi kushika kompyuta, na kila ninapoona mashine za namna hii zikiuzwa kwa maseremala kana kwamba wao hawana walichochangia isipokuwa pesa, naumia. Watu wenye guni lililopimwa kwa kugeuzwa wako pale pale mabandani, na hao ndio wanaopaswa kuzijenga.

Kijana huyo sasa anajenga ya kwake. Mabamba ya pembeni ya daraja tunamkatia kwenye mashine yetu, kwa plaiwudi ngumu ya milimita 18, mawili ya kufanana. Jumapili iliyopita tuliyatoa yakiwa bado na joto. Mjomba aliyapandanisha, yakalingana kila upande, kijana akatabasamu. Mjomba akalichukua la juu, akaligeuza uso chini, akalirudisha juu ya mwenzake. Kwenye ukingo mmoja, urefu wa milimita 600, ukajitokeza mwanya ambao karatasi nne ziliingia na ya tano ikakwama.

"Sehemu nne za kumi," kijana alisema.

"Gawa kwa mbili," mjomba akamjibu, na akanyoosha mkono kwangu. "Mwanangu, lete mkasi na kopo."